Paka akitoa donge la manyoya: Si kifua, ni tumbo



Ndugu msomaji, katika nyumba nyingi za hapa Mwanza, kuanzia Kirumba na Igogo hadi kule mwaloni Igombe, paka ni mwenyeji. Anafugwa apunguze panya, na riziki yake ni dagaa, vichwa vya samaki na mapanki. Lakini siku akiinama pembeni ya mkeka, akakoroma, akavuta tumbo mara kadhaa na kutoa kitu kirefu cheusi chenye manyoya, watu humfukuza. Husemwa: "Paka huyu ana kifua, atawaambukiza watoto." Wengine hudhani ametoa kinyesi mdomoni, wakaanza kutaja uchawi. Leo tutaangalia kitu hicho kinatoka wapi, kwa nini, na ni wakati gani mfugaji awe na wasiwasi.

Kinatoka wapi?

Kooni mwa paka, kama kooni mwetu, zimo njia mbili: moja ya hewa iendayo mapafuni, na nyingine ni umio upelekao chakula tumboni. Donge la manyoya hutoka tumboni na kupita kwenye umio. Kwa hiyo paka huyo hakohoi, bali anatapika. Umbo lake refu linatokana na kubanwa ndani ya umio wakati wa kutoka, na ndiyo maana likafanana na kinyesi. Ukilitazama vizuri utaona ni manyoya yaliyosokotana, yamelowa mate na maji ya tumbo.

Kwa nini anameza manyoya?

Ulimi wa paka una miiba midogo mingi iliyoelekea nyuma, kooni. Miiba hiyo ni ya keratini, yaani kitu kile kile kinachojenga kucha zetu. Mwaka 2018 watafiti wa chuo cha Georgia Tech, Marekani, walionyesha kuwa ncha za miiba hiyo zina uwazi unaochukua mate na kuyafikisha hadi kwenye ngozi. Basi ulimi ndio kitana chake na ndio maji yake ya kuoga. Lakini kwa kuwa miiba imeelekea nyuma, manyoya yanayong'oka hawezi kuyatema. Huyameza.

Manyoya hayasagiki tumboni. Mengi hupita salama na kutoka na kinyesi. Yanayobaki husokotana, na tumbo likishindwa kuyasukuma mbele huyarudisha juu. Paka wenye manyoya marefu hupatwa zaidi. Aidha, paka mwenye viroboto au ugonjwa wa ngozi hujilamba kupita kiasi, hivyo humeza manyoya mengi. Ukiona madonge yanazidi, pekua ngozi yake.

Lini uwe na wasiwasi?

Akitoa donge mara moja moja, kisha akala na kucheza kama kawaida, hilo si ugonjwa. Lakini mpeleke kwa daktari wa mifugo bila kuchelewa ukiona haya:

1. Anajikamua kutapika mara kwa mara bila kutoa kitu, hali, hapati choo, au tumbo limevimba. Huenda utumbo umeziba.

2. Anachuchumaa, ananyoosha shingo na kukohoa kikohozi kikavu bila kutoa manyoya. Hicho ndicho kikohozi cha kweli. Paka naye hupata pumu na maradhi ya mapafu.

3. Uzi unaning'inia mdomoni au nyuma. Huku kwetu ziwani hili ni jambo la kuangaliwa sana, kwani paka huokota mabaki ya samaki yenye ndoano na nailoni. Usiuvute! Uzi ulionasa ndani ukivutwa unaweza kuchana utumbo.

4. Anatapika ghafla, anatetemeka au anatoka damu. Huenda amekula panya aliyekufa kwa sumu.

5. Anadondosha mate na tabia yake imebadilika, amekuwa mkali au ameduwaa. Usimtie mkono mdomoni ukidhani amekwamwa na manyoya, kwani kichaa cha mbwa humpata paka pia. Akikuuma, osha jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha wahi hospitali siku hiyo hiyo.

Yasiyofaa

Usimpe paka panadol. Hata kidonge kimoja chaweza kumuua, kwa sababu ini lake haliwezi kuivunja dawa hiyo. Wala usimmiminie mafuta mdomoni kwa nguvu, maana yanaweza kuingia mapafuni na kumletea maradhi ya kifua ambayo hakuwa nayo.

Yanayofaa ni mepesi: mchane kwa kitana mara kwa mara, hasa manyoya yanapopukutika, mtibu viroboto kwa dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya paka, kwani baadhi ya dawa za mbwa ni sumu kwake, na mwekee maji safi kila siku.

Usafi wa nyumba

Imepokewa kutoka kwa Abu Qatada (r.a.) kwamba alimwinamishia paka chombo cha maji anywe, na akaeleza kuwa Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi. Hilo ni kuhusu paka mwenyewe na mate yake. Ama matapishi, wanazuoni wengi, wakiwemo wa madhehebu ya Shafii, wanayahesabu kuwa ni najisi. Basi donge likiangukia mswala, liondoe kwa karatasi, osha mahali hapo kwa maji mpaka athari iondoke, kisha nawa mikono kwa sabuni.

Ndugu msomaji, paka huyo hana kifua na hana jini. Alikuwa anajisafisha. Mwache akae, bali mtazame vizuri, ili siku akiugua kweli umtambue mapema.

Wabillahi tawfiq.