Kwa Nini Kaboni-12? Nalipa Deni la Jibu

Muhula uliopita, tulipokuwa tukijisomea baada ya Isha, dada mmoja wa mwaka wa kwanza aliniuliza: "Kaka, hidrojeni ndiyo atomu nyepesi kuliko zote. Mbona masi za atomu hulinganishwa na kaboni?" Nikamjibu, tena kwa kujiamini, kwamba kaboni-12 ndiyo pekee ambayo masi yake kwa asili haina desimali. Si kweli, naye alishaandika kwenye daftari. Nimeona nirekebishe hapa hapa, mbele ya wote waliosikia.

John Dalton, mwanzoni mwa karne ya 19, aliipa hidrojeni namba 1. Lakini hapakuwa na mizani ya kupima atomu moja. Wanakemia walipima jinsi elementi zinavyoungana kwa uzito, na nyingi huungana na oksijeni kwa urahisi kuliko hidrojeni. Kwa hiyo kila hesabu ilibidi ipitie uwiano wa oksijeni na hidrojeni. Ukikosea hapo, umekosea jedwali zima. Ndipo oksijeni ikafanywa kipimo, ikapewa 16 kamili.

Mambo yaliharibika mwaka 1929. Giauque na Johnston, huko California, waligundua kuwa oksijeni ya kawaida ni mchanganyiko: ipo oksijeni-16, na kidogo ya 17 na 18. Wanafizikia wakaita 16 ile isotopu moja tu. Wanakemia wakabaki na mchanganyiko wote kuwa 16. Kwa kipimo cha wanafizikia mchanganyiko huo ni 16.0044. Tofauti ni kama sehemu 275 kwa milioni. Ndogo, lakini vitabu viwili vikawa na namba mbili kwa atomu ile ile. Isitoshe, mchanganyiko wenyewe haulingani: oksijeni ya hewani si sawa kabisa na ya majini.

Kwa nini basi wanakemia wasiwafuate wanafizikia? Kwa sababu wangelazimika kubadili namba zao zote kwa sehemu hizo 275. (Mimi pia ningekataa!) Florini ilipendekezwa. Kisha mwaka 1957 Alfred Nier na Arne Ölander, kila mmoja kwa upande wake, wakapendekeza kaboni-12 iwe 12 kamili. Namba za wanakemia zingeshuka kwa sehemu 43 tu kwa milioni, na wanafizikia tayari walikuwa wakiilinganisha nayo katika spektrometa zao za masi. Wanafizikia waliridhia mwaka 1960, wanakemia 1961.

Basi dada yangu, futa mstari ule. Kaboni-12 ni 12 kamili kwa sababu watu walikubaliana iwe hivyo. Kwa kipimo cha zamani cha wanafizikia ilikuwa 12.0038. Na ile 12.011 unayoiona kwenye jedwali inatokana na kaboni-13, ambayo ni takriban asilimia 1 ya kaboni yote.