Kutambuliwa kwa Vyeti vya Sekondari kwa Wanaotaka Kusomea Udaktari Nje ya Nchi: Mfano wa Ujerumani

Utangulizi

Mgonjwa anayeingizwa chumba cha upasuaji hana nafasi ya kukagua vyeti vya daktari wake. Ukaguzi huo hufanywa kwa niaba yake, hatua kwa hatua, tangu siku daktari huyo alipoomba kudahiliwa chuo kikuu. Hatua ya kwanza ni cheti cha sekondari. Kijana anayesoma nchini mwake huivuka hatua hii kwa urahisi, kwa kuwa chuo na baraza la mitihani vinafahamiana. Anayeomba nafasi nje ya nchi mara nyingi huona uzito wake akiwa amekwisha kulipia wakala, masomo ya lugha na maandalizi ya safari. Makala hii inaeleza jinsi cheti cha sekondari kinavyotambuliwa, kwa mfano wa Ujerumani, ambako masharti yamewekwa wazi kwa yeyote anayetaka kuyasoma.

Maana ya kutambuliwa kwa cheti

Kutambua cheti si kupima akili ya mwenye cheti. Ni kujibu maswali mawili. Je, cheti hiki kinamruhusu kuingia chuo kikuu katika nchi alikokipata? Na je, elimu kilichoithibitisha inakaribiana na ile inayodaiwa na nchi anayokwenda?

Maswali hayo hutokana na tofauti za mifumo ya elimu. Katika mfumo uliozoeleka Tanzania, mwanafunzi husoma miaka 7 ya msingi, 4 ya sekondari ya kawaida na 2 ya sekondari ya juu, jumla miaka 13. Katika mfumo wa Kenya wa 8-4-4, mtihani wa KCSE hufanywa baada ya miaka 12. Ujerumani mwanafunzi huhitimu kwa cheti kiitwacho Abitur baada ya miaka 12 au 13. Kwa hiyo hesabu ya miaka peke yake haitoshi. Huangaliwa pia masomo yaliyofanywa, kina chake na alama zilizopatikana.

Mataifa yamejaribu kurahisisha jambo hili kwa mikataba. Nchi za Afrika zilipitisha mkataba wao mjini Arusha mwaka 1981, na ukafanyiwa marekebisho Addis Ababa mwaka 2014. Ulaya ina mkataba wa Lisbon wa mwaka 1997. UNESCO ilipitisha mkataba wa dunia nzima mwaka 2019, ulioanza kutumika mwaka 2023. Hata hivyo, mikataba hii haimhakikishii mtu kiti darasani. Cheti kilichotambuliwa humpa mwenye nacho haki ya kuomba; kupata nafasi ni jambo jingine.

Majibu ambayo mwombaji anaweza kupewa

Nchini Ujerumani, ofisi kuu ya elimu ya kigeni iliyoko Bonn, ijulikanayo kwa kifupi kama ZAB, hutunza kanzidata iitwayo anabin. Humo huorodheshwa vyeti vya nchi mbalimbali na uzito wa kila kimoja. Vyuo vingi hukabidhi ukaguzi wa awali kwa shirika la uni-assist lililoko Berlin. Jibu huwa mojawapo ya haya:

1. Cheti kinatosha kuingia chuo kikuu moja kwa moja, kwa fani zote au kwa fani zinazolingana na masomo aliyosoma mwombaji.
2. Cheti kinatambuliwa, lakini mwombaji lazima apitie kwanza chuo cha maandalizi kiitwacho Studienkolleg.
3. Cheti hakitoshi.

Mwenye KCSE kwa kawaida huangukia jibu la pili. Mwenye cheti cha kidato cha nne pekee huangukia la tatu, kwa sababu hata nyumbani cheti hicho peke yake hakimfungulii mlango wa chuo kikuu.

Studienkolleg huchukua kwa kawaida mihula miwili. Anayelenga udaktari husoma kozi ya M, yenye masomo ya sayansi, hisabati na Kijerumani, kisha hufanya mtihani wa mwisho. Hata kuingia humo kuna mtihani, na mwombaji hutakiwa awe tayari anakijua Kijerumani. Baada ya hapo masomo ya udaktari huchukua miaka 6 na miezi 3, nayo hufundishwa kwa Kijerumani. Nafasi za udaktari kwa waombaji wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya ni takribani asilimia 5 tu. Familia inayopanga gharama haina budi kuhesabu miaka yote hiyo.

Jinsi alama zinavyobadilishwa

Ujerumani alama 1 ndiyo bora na alama 4 ndiyo ya mwisho ya kufaulu, kama vile daraja la kwanza lilivyo bora kuliko la nne. Kupata alama ya Kijerumani, alama ya mwombaji hutolewa katika alama ya juu kabisa ya mfumo wake. Jibu hugawanywa kwa tofauti kati ya alama ya juu kabisa na alama ya chini ya kufaulu, huzidishwa kwa 3, kisha huongezwa 1. Tuseme alama ya juu ni 100, ya kufaulu ni 50, na mwombaji amepata 80. Ishirini kugawanya kwa hamsini ni 0.4, mara 3 ni 1.2, ukiongeza 1 ni 2.2.

Nyaraka

Maombi mengi hukwama kwa sababu ndogo. Jina lililo kwenye cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule na pasipoti liwe moja. Likitofautiana, lisawazishwe kisheria mapema. Nakala ziwe zimethibitishwa na mamlaka inayokubalika. Vyeti vya Kiingereza kwa kawaida hupokelewa kama vilivyo, ilhali cheti cha Kifaransa, kama kile cha mtihani wa taifa wa Kongo, huenda kikahitaji tafsiri ya mtafsiri aliyeapishwa. Uthibitisho wa matokeo huombwa NECTA kwa Tanzania na KNEC kwa Kenya, nao huchukua muda.

Kwa watumishi wa afya wenye stashahada

Tabibu au muuguzi mwenye stashahada anaweza kuwa na njia ya kuingia shahada ya udaktari nchini mwake bila kupitia kidato cha sita. Asidhani kwamba njia hiyo itatambuliwa popote. Uzoefu wa wodini ni hazina, lakini mkaguzi wa udahili huanza na cheti. Aulize chuo chenyewe kwa maandishi, na jibu alitunze.

Njia ya kurudi

Kutambuliwa wakati wa kwenda hakumaanishi kutambuliwa wakati wa kurudi. Tanzania, shahada ya nje hupelekwa Tume ya Vyuo Vikuu, na usajili wa daktari ni kazi ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Kenya, kazi hizo hufanywa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu na baraza la madaktari la nchi hiyo. Masharti ya vyombo hivi yaulizwe kabla ya kuondoka, yakiwemo ya utarajali.

Hitimisho

Kabla ya kulipa chochote, mwombaji awe na majibu ya maswali manne: cheti chake kimewekwa kundi gani, chuo anachokitaka kinasemaje kwa maandishi, maandalizi na masomo yatachukua miaka mingapi, na baraza la nyumbani litamsajili kwa masharti gani. Wakala anayeahidi nafasi ya udaktari bila kugusa maswali hayo haaminiki. Masharti haya huweza kumwudhi kijana mwenye haraka, lakini ndiyo hayo yanayomlinda mgonjwa asiyeweza kukagua vyeti mwenyewe.