Viini Viwili, Yuniti Chache: Kununua Kompyuta Isiyokumalizia Umeme Unguja

Ukishuka daladala Darajani na kukatia Mlandege, utazikuta laptopu zimepangwa kwenye makabati ya vioo. Nyingine ni mpya, nyingine zimeshatumika ughaibuni na kusafishwa mpaka zikang'ara. Mnunuzi huuliza bei, kisha huuliza "ni i ngapi?" Akiambiwa "i5", moyo hutulia na pesa hutoka. Wachache huuliza swali la tatu: itakula umeme kiasi gani?

Nataka tulikalie swali hilo. Hapa kwetu umeme tunaununua kwanza ndipo tuutumie, na wenyewe unatufikia kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba. Waya wa kwanza ulianza kazi mwaka 1980 ukiwa na uwezo wa megawati 45. Wa pili, wa megawati 100, ulikamilika 2013. Katikati yake tulipita kwenye giza la Desemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu Unguja nzima bila umeme wa gridi. Aliyekuwa na ofisi Mji Mkongwe wakati ule anakumbuka ngurumo za jenereta vichochoroni, na anajua thamani ya kompyuta inayoweza kushinda na betri yake.

Tuanze na kilichomo ndani. Prosesa ni kijipande cha silikoni, mara nyingi hakizidi ukucha wa dole gumba, ambacho hufanya hesabu zote za kompyuta. Ukibonyeza herufi, ukifungua picha, ukituma barua pepe, kazi inapita hapo. Ndani ya prosesa mna sehemu inayopiga hesabu zenyewe, nayo huitwa kiini. Zamani prosesa ya kompyuta ya nyumbani ilikuwa na kiini kimoja tu. Yenye viini viwili ndiyo ile ambayo madukani utaisikia ikiitwa dual core.

Kwa nini viwili? Nenda Forodhani baada ya magharibi, usimame mbele ya muuza piza ya Zanzibar. Foleni ikirefuka, ana njia mbili. Anaweza kuchochea makaa ili kila piza iive upesi. Lakini makaa yatakwisha haraka, jasho litamtiririka, na unga utaungua chini kabla yai la ndani halijashika. Au anaweza kuteleka chuma cha pili pembeni, moto wa wastani, mwenzake akasimama hapo. Kila piza itachukua muda zaidi kidogo, lakini kwa saa moja zitatoka nyingi zaidi.

Prosesa nayo ni hivyo hivyo. Kasi yake hupimwa kwa gigahezi, na ili iende mbio zaidi lazima iongezwe volti, yaani msukumo wa umeme. Tatizo ni kwamba volti ikipanda kidogo, umeme unaoliwa hupanda sana. Chukua kalamu: ukishusha kasi iwe asilimia 80, na volti nayo ikashuka kwa kiasi hicho hicho, umeme unaoliwa unakuwa 0.8 × 0.8 × 0.8, yaani karibu nusu ya ule wa mwanzo. Viini viwili vya namna hiyo vitakula takriban sawa na kiini kimoja kilichokuwa kikikimbizwa, ila pamoja vinaweza kutoa kazi mara 1.6. Hiyo ni hesabu ya kwenye karatasi. Katika matumizi faida hupungua, kwa sababu zipo kazi zisizogawanyika, kama vile piza moja haiwezi kukunjwa na watu wawili kwa pamoja. Lakini mtu anayeandika barua huku intaneti iko wazi, simu ya video inaendelea na programu ya kinga ya virusi inapekua mafaili, kazi zake zimeshagawanyika zenyewe.

Njia ya kuchochea makaa ndiyo iliyofuatwa na watengenezaji hadi 2004, mwaka ambao Intel iliufuta mpango wa kutoa prosesa ya Pentium 4 ya gigahezi 4. Mwaka uliofuata, Intel na AMD zote zikaleta prosesa za viini viwili kwa kompyuta za kawaida. Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapoteleza. Pentium D ya 2005 ina viini viwili, lakini joto lake ni la wati 95 hadi 130. Core 2 Duo ya mezani iliyotoka Julai 2006 nayo ina viini viwili, kawaida yake ni wati 65, na inaipita Pentium D kwa kazi. Halafu njoo kwenye laptopu yenye Core i5-6300U ya 2015: viini viwili vile vile, wati 15. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "hii ni dual core" bado hajakwambia kitu. Muulize ni ya mwaka gani na ya wati ngapi.

Utazijuaje wati bila kuwa fundi? Soma jina kamili. Kwa prosesa za Intel za miaka hiyo, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni kizazi: i5-6300U ni kizazi cha 6, i3-8130U ni cha 8. Zikiwa tarakimu tano, kama i3-10110U, zile mbili za mwanzo ndizo kizazi, yaani cha 10. Herufi ya mwisho ndiyo inayokuhusu kwenye mita. U maana yake imetengenezwa kwa umeme mdogo, kwa kawaida wati 15. M, kama i5-2520M ya 2011, ni laptopu ya zamani ya wati 35. H au HQ ni mashine ya kazi nzito, nyingi ni wati 45. Wati hizi ni kipimo cha joto ambalo mashine imejengwa kulihimili inapofanya kazi kwa bidii, wala si kwamba inazila muda wote. Ukiwa unaandika tu, prosesa ya U husinzia kati ya herufi na herufi na hula wati chache sana.

Tahadhari moja: wati chache peke yake si sifa. Baadhi ya laptopu za bei ya chini huja na prosesa ya Celeron N4020, viini viwili, wati 6. Inatosha kuandika na kusoma, lakini i5-6300U iliyo kongwe kuliko hiyo inaiacha mbali kwa kasi. Mashine inayokusubirisha inabaki imewaka, na kioo chake kinaendelea kula.

Na usiamini stika. Binti wa jirani yangu aliniletea laptopu aliyoinunua kwa ajili ya masomo ya chuo, nje imebandikwa i7. Tulipofungua tukakuta Celeron. Kilichomwokoa ni risiti: iliandikwa aina ya prosesa, akairudisha siku ile ile, akarejeshewa pesa zake. Wewe fanya ukaguzi huo ukiwa bado uko dukani, ni wa dakika mbili. Washa mashine, bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Litafunguka dirisha linaloitwa Task Manager. Chagua Performance, kisha CPU. Juu kulia utaona jina kamili la prosesa, na chini yake mstari wa Cores ukionesha idadi ya viini. Ukiona Cores 2 na Logical processors 4, usidhani kuna kosa: ina viini viwili, na kila kimoja kinapokea foleni mbili za kazi. Hakikisha jina hilo limeandikwa kwenye risiti pamoja na namba ya mashine.

Sasa tuje kwenye pesa. Chukua risiti yako ya Tukuza, yaani ya umeme wa kulipia kabla, gawa shilingi ulizolipa kwa yuniti ulizopata; hiyo ndiyo bei yako halisi. Kwa ajili ya mfano tu, tuseme yuniti moja ni shilingi 300. Yuniti moja ni wati 1,000 zilizotumika kwa saa moja. Kompyuta kongwe ya mezani ya enzi za Pentium D, pamoja na kioo chake, tuikadirie wati 140. Ikiwaka kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni, siku 26 za mwezi, itakula yuniti 29, yaani kama shilingi 8,700. Laptopu ya prosesa ya U katika kazi ndogo ndogo tuikadirie wati 15: yuniti 3 na kidogo, yaani kama shilingi 940. Tofauti kwa mwaka inazidi shilingi 90,000, kwa mashine moja. Kompyuta kuukuu uliyopewa bure inaweza kuwa ndiyo ghali kuliko zote.

Kwa skuli hesabu hii ni nzito zaidi. Chumba cha kompyuta 20 za zamani kitahitaji wati 2,800. Laptopu 20 za U zitahitaji kama 300. Wati 300 unaweza kuzipata kwa paneli chache za jua juu ya paa, na chumba hakitageuka tanuri mchana wa Januari, maana wati zote zinazoingia kwenye kompyuta huishia kuwa joto. Mwalimu mkuu anayepokea msaada wa kompyuta kutoka nje ana haki ya kuuliza jina la prosesa kabla hajasema ahsante.

Umeme ukikatika je? Geuza laptopu, au chomoa betri kama inatoka, utafute herufi Wh. Hizo ni wati-saa: idadi ya wati ukizidisha kwa saa ambazo betri inaweza kuzitoa. Betri ya Wh 48 kwenye mashine inayokula wati 12 itakaa saa 4. Kwenye inayokula wati 24 itakaa saa 2. Pakiwa hapana Wh, zidisha volti kwa mAh, kisha gawa kwa 1,000. Lakini betri iliyotumika imepungua. Kuujua ukweli, andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows, fungua dirisha lake, andika powercfg /batteryreport, ubonyeze Enter. Utaelekezwa lilipo faili linaloonesha uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake wa sasa. Ikiwa imeshuka chini ya nusu, ihesabie gharama ya betri nyingine kwenye bei unayoelewana.

Nyumba zetu za Mji Mkongwe za mawe na chokaa hutunza ubaridi, lakini hewa yake ina chumvi na unyevu, na chokaa hupukutika. Vumbi lile huziba feni ndogo ya laptopu. Prosesa ikipata joto hujipunguzia kasi ili isiungue, na mwenye mashine hudhani imezeeka. Kila mwaka mpelekee fundi aisafishe feni na kubadilisha grisi ya joto, ule ute unaowekwa kati ya prosesa na chuma cha kupoza. Elewaneni bei kabla hajafungua. Nyumbani usiiweke juu ya godoro wala mto. Na kwa prosesa ya i3 au i5, Windows inakuruhusu kuweka kikomo: katika mipangilio ya umeme tafuta Maximum processor state, uishushe kutoka 100 hadi 99. Kwa mashine nyingi za Intel, hilo huzuia prosesa kujikimbiza kupita kasi yake ya kawaida. Kwenye uandishi hutaona tofauti. Feni itatulia na betri itadumu zaidi.

Kama laptopu unayoitazama ina diski ya kuzunguka, ibadilishe uweke SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, na uhakikishe ina RAM, yaani kumbukumbu ya muda, ya gigabaiti 8. Pesa hizo zitakupa wepesi kuliko ukizitumia kukimbilia prosesa ya juu zaidi.

Lipo jambo jingine la kuamua kabla ya kulipa. Huduma ya kawaida ya bure ya kuilinda Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa za Intel inataka rasmi kizazi cha 8 kwenda juu. Kwa hiyo i5-6300U au i5-7300U ni nzuri kwa atakayekubali kuiwekea Linux Mint au Ubuntu badala ya Windows, mifumo ambayo ni ya bure na inafanya kazi za kawaida za ofisi. Asiyetaka kubadili mazoea atafute i3-8130U au i3-10110U: zote ni viini viwili, wati 15, na zinakubaliwa na Windows 11. Katika kizazi cha 8 kuna pia i5-8250U yenye viini vinne kwa wati zile zile 15. Bei zikikaribiana, chukua hiyo. Anayehariri video za harusi au kuchora ramani za majengo asijitese na viini viwili; kazi yake inagawanyika sana, na vinne au zaidi vitaimaliza mapema na kuzimwa mapema. Karani, mwanafunzi, mwenye duka na mpokea wageni wa hoteli ndogo, viini viwili vya umeme mdogo vinawatosha.

Ukishachagua, mwambie muuzaji aichomoe chaja betri ikiwa imejaa. Fungua intaneti, cheza video, ukae nayo nusu saa. Ikishuka kutoka asilimia 100 hadi 90, una mashine ya kama saa 5. Ikishuka hadi 60, ina saa moja na robo tu, mrudishie.