Somo: Kujua Mali Kabla ya Kutafuta Fedha

Ndugu Wanaushirika, sote tumesoma habari za Rochdale, mji wa wafumaji huko Uingereza, ambako tarehe 21 Desemba 1844 Waanzilishi walifungua duka lao katika mtaa wa Toad Lane. Yaliyoupata mji wenyewe baadaye hatuyazungumzi sana. Viwanda vya pamba vilifungwa, na katikati ya mji pakapooza.

Hapo katikati hupita mto Roch. Mwanzoni mwa karne ya 20 mto huo ulifunikwa kwa zege ili kupanua njia, na daraja la mawe la zama za kati likafichika chini yake. Watu walipita juu yake kila siku bila kuliona. Mwaka 2016 sehemu ya mto ilifunuliwa, na daraja likaonekana tena.

Fedha zilipatikanaje? Mfuko wa urithi, unaotokana na bahati nasibu ya taifa, ulichangia kwa kuwa daraja ni la kale. Taasisi ya serikali ya mazingira ilichangia kwa kuwa mto ulio wazi hupunguza hatari ya mafuriko. Halmashauri ya mji nayo ilitaka wateja warudi madukani. Kazi ilikuwa moja, lakini kila mchangiaji aliiona haja yake ndani yake. Pasingejulikana kilichomo chini ya zege, barua ingesema tu, "Twaomba msaada wa kuupendezesha mji," na barua za namna hiyo twajua huishia kabatini.

Nikienda kukagua chama chenye jengo mjini, aghalabu huonyeshwa kwanza ombi la mkopo. Nikiuliza daftari la mali za kudumu, kimya. Chama kimoja kilikuwa kikilipa pango la ofisi ilhali jengo lake lenyewe lilikaliwa na mpangaji ambaye mkataba wake ulikwisha zamani. Hati tuliikuta chini ya mafaili ya pembejeo.

Basi kwa kila jengo andikeni namba ya hati na muda wake, mpangaji, kodi, mwisho wa mkataba, hali ya paa na kuta, pamoja na rehani iliyopo. Hiyo rehani iangalieni kwa makini: deni huweza kuwa limekwisha kulipwa, lakini kama halikufutwa kwa Msajili wa Hati, benki nyingine haitaligusa jengo hilo. Daftari likikamilika, lipelekwe kwenye mkutano mkuu kabla wanachama hawajaombwa kupitisha ukomo wa madeni.