NG'OMBE WA GARISSA HUFIKAJE KIWANDANI?

Kiwanda cha nyama bila ng'ombe ni kama kinu bila nafaka: mashine zipo, wafanyakazi wapo, lakini kazi hakuna. Na mfugaji mwenye ng'ombe mia asiyeweza kuwafikisha sokoni huweza kulala njaa huku akiitazama mali yake. Kati ya hao wawili ipo safari ndefu, na safari hiyo ndiyo inayoamua nani atapata faida na nani atapata hasara.

Mpango mzima wa kuitoa mali inakopatikana, kuisafirisha, kuitunza njiani na kuifikisha kiwandani na kwa mlaji huitwa mnyororo wa ugavi. Jina hilo lafaa, maana pete moja ya mnyororo ikikatika, zilizobaki hazivuti kitu, hata zikiwa za chuma kizuri namna gani. Mfano ulio wazi ni ng'ombe wa Garissa na kaunti zilizo kaskazini yake.

Mnyororo huu una historia yake

Kiwanda kikubwa cha nyama cha Kenya kiko Athi River, kusini mashariki ya Nairobi. Shirika la Nyama la Kenya, linalojulikana kwa herufi KMC, liliundwa mwaka wa 1950. Siku hizo ng'ombe wa kaskazini hawakuruhusiwa kupita ovyo kwenda nyanda za juu, kwa hofu ya homa ya mapafu ya ng'ombe. Amri hiyo ililinda mifugo ya masetla, lakini iliwafungia wafugaji wa kaskazini mlango wa soko.

Mwaka wa 1952 likaundwa shirika la ununuzi lililoitwa ALMO. Kazi yake ilikuwa kununua mifugo katika nchi za wafugaji, kuiweka katika malisho ya karantini mpaka ithibitike kuwa ni mizima, kisha kuipeleka sokoni. Baada ya uhuru kazi hiyo ilishikwa na idara ya serikali iliyoitwa LMD. Baadaye mpango huo ulidhoofika, na kiwanda cha Athi River kikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kilifunguliwa tena mwaka wa 2006, na mwaka wa 2020 kikawekwa chini ya Wizara ya Ulinzi.

Historia hii yatufundisha kwamba haitoshi kujenga kiwanda. Hapana budi kuwe na njia, malisho, maji na uchunguzi wa magonjwa kati ya boma na mlango wa kiwanda.

Kutoka kisimani hadi sokoni

Ng'ombe wengi wanaouzwa Garissa hawakuzaliwa Garissa. Wengine hutoka Wajir, na wengine huvuka mpaka kutoka Somalia. Mji wa Wajir uko zaidi ya kilometa 300 kutoka Garissa. Ng'ombe anayetembea kilometa 20 kwa siku atatumia zaidi ya siku 15 kumaliza mwendo huo, na kila siku anahitaji maji na majani. Kwa hiyo njia ya ng'ombe hupangwa kwa visima. Mchungaji hodari hutuma mtu mbele kujua kama maji yapo kabla ya kuliondoa kundi.

Katika soko la Garissa, ambalo ni miongoni mwa masoko makubwa ya mifugo ya Afrika Mashariki, muuzaji na mnunuzi hukutanishwa na dalali. Watu wengi humlaumu dalali kwa kula pasipo kulima, lakini anayo kazi. Yeye humjua muuzaji na ukoo wake, na hudhamini kwamba ng'ombe si wa wizi. Mnunuzi mgeni kutoka Nairobi au Mombasa angewezaje kujua hayo?

Ila yako mambo ambayo dalali hawezi kuyatengeneza kwa maneno. Ng'ombe huuzwa kwa kukadiriwa kwa macho, na jicho la mnunuzi na la muuzaji hayaoni sawasawa. Penye mizani, mabishano hupungua, na mfugaji aliyemnenepesha mnyama wake hulipwa kwa kila kilo aliyoiongeza.

Hasara isiyoonekana katika lori

Kutoka Garissa hadi Nairobi ni kama kilometa 370. Lori la kawaida hubeba ng'ombe wapatao 20. Wanapopanda juani, wamebanana, bila maji, hupungua uzito. Kwanza hupoteza maji na mavi. Safari ikizidi kuwa ndefu, mwili wenyewe huanza kuliwa. Aliyeanguka hukanyagwa na wenzake, na nyama iliyovilia damu hukatwa na kutupwa.

Tuchukue mfano. Ng'ombe mmoja ana kilo 300, naye apoteza kilo 8 katika kila 100. Amepoteza kilo 24. Kwa ng'ombe 20 ni kilo 480, yaani zaidi ya uzito wa ng'ombe mmoja na nusu. Msafirishaji aliyehesabu ng'ombe 20 Garissa na 20 Athi River atasema hakupoteza kitu, kumbe amepoteza uzito mwingi njiani.

Kinga yake ni rahisi. Ng'ombe wapumzishwe na kunyweshwa kabla ya kupakiwa. Wasibanwe kupita kiasi. Lori liwekwe mchanga ili wasiteleze. Na vibali vyote vya mganga wa mifugo viwe tayari kabla ya kupakia, lisije likasimama kizuizini saa nyingi kwa ajili ya karatasi.

Jambo jingine ni lori lenyewe. Likienda na mzigo na kurudi tupu, mzigo mmoja hulipa gharama ya safari mbili. Malori yanayopeleka unga, sukari na saruji Garissa yakirudi na mifugo, gharama hugawanyika. Lakini hilo lahitaji habari: mwenye lori ajue siku ya soko, na mwenye ng'ombe ajue siku ya lori. Siku hizi simu ya mkononi huweza kuwaunganisha kwa dakika chache.

Pete zinazokatika

Mnyororo huu umekatika mara nyingi, na kila mara kuna funzo.

Kwanza ni mto. Garissa iko ukingoni mwa Tana, na barabara ya Nairobi huvuka hapo kwa daraja. Wakati wa mvua za El Niño za 1997 na 1998 barabara zilikatika. Mwezi wa Novemba 2023 maji yalikata tena barabara karibu na Madogo, watu na mizigo wakavushwa kwa mashua. Ng'ombe hawezi kungoja kama gunia la mchele. Akingoja, hula, hunywa na hukonda.

Pili ni ugonjwa. Baada ya mvua kubwa mbu huongezeka na kueneza Homa ya Bonde la Ufa, iuayo mifugo na watu. Mlipuko wa Desemba 2006 ulianzia sehemu za Garissa, na mpaka ulipotulia mwaka wa 2007 biashara ya mifugo ilizuiliwa. Chanjo itolewayo kabla ya mvua ni ulinzi wa soko zima.

Tatu ni ukame. Kati ya 2020 na 2023 Kenya ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Serikali iliiagiza KMC kununua wanyama, lakini ng'ombe aliyekwisha kukonda hana nyama ya kutosha, na mara nyingi hafiki. Tena watu wote wakileta wanyama siku moja, bei huanguka, malori hayatoshi, na kiwanda hakiwezi kuchinja wote. Miezi iliyopita kiwanda kilihitaji ng'ombe na hakikuwapata.

Nini kifanyike?

Mfugaji auze sehemu ya madume mapema, mvua zinapochelewa, mnyama akiwa bado na mwili. Fedha alizopata zinunue chakula na majani ya kuwahifadhi majike. Si kuudharau ufugaji. Ni kulihifadhi kundi ili liendelee.

Wasimamizi wa masoko waweke mizani, maji na kivuli, na kutangaza bei. Kiwanda nacho kitangaze mapema idadi ya ng'ombe kinaohitaji, na kilipe bila kuchelewa, maana mfugaji aliyecheleweshewa malipo mara moja hatarudi mara ya pili.

Majani yakatwe na kuhifadhiwa baada ya mvua, hasa kando ya Tana, ili ng'ombe waliokwama wapate kula. Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya mnyororo huu ni majani ghalani, maji njiani na habari zinazofika mapema.