Piga Magoti Uione Nyumba kwa Macho ya Mtoto

Wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe. Lakini mtoto anayetambaa halilii wembe. Anauokota sakafuni na kuutia mdomoni.

Mzazi au mlezi, jaribu zoezi hili leo: piga magoti mlangoni na uzunguke nyumba yako ukiwa kwa kimo cha mtoto. Kila unachoweza kukifikia, naye anakifikia. Angalia hasa mambo haya manne:

1. Mafuta taa. Usiyaweke kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto mwenye kiu haoni mafuta, anaona kinywaji. Yaweke kwenye kibuyu chake chenye kifuniko cha kukaza, mahali pa juu. Dawa za mifugo na za panya zifungiwe kwa kufuli.

2. Moto. Jiko linalowekwa chini lizungushiwe kizuizi. Mikono ya sufuria ielekee ukutani, na chai ya moto isikae kwenye ukingo wa meza.

3. Maji. Mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji ya kina cha sentimita 5 tu, bila hata kupiga kelele. Ukimaliza kufua, mwaga maji ya beseni. Funika mapipa na visima.

4. Usingizi. Usilale na jiko la makaa ndani ya chumba, hata wakati wa baridi. Makaa hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini.

Ajali ikitokea

Mtoto akiungua, mwagie sehemu hiyo maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, unga wala mafuta. Akinywa mafuta taa, usimtapishe wala usimlazimishe kunywa maziwa, kwa kuwa akitapika mafuta huweza kuingia kwenye mapafu. Mkimbize kituo cha afya kilicho karibu, ukibeba chupa aliyonywea.

Kumbuka pia kwamba dada au kaka wa miaka saba bado ni mtoto, na hawezi kuachiwa mdogo wake pamoja na jiko linalowaka.

Mhudumu wa afya ya jamii akikutembelea, mwombe mzunguke naye nyumba nzima. Huenda akaona hatari ambayo macho yako yameshaizoea.