Joto Lililojificha Katika Saruji

Watu wengi hudhani kwamba zege huwa gumu kwa sababu hukauka, kama udongo ulioanikwa juani. Dhana hiyo si sahihi. Saruji ya Portland, ambayo Joseph Aspdin aliipatia hataza Uingereza mwaka 1824, huwa ngumu kwa kuungana kikemia na maji. Ndiyo sababu fundi hulimwagilia zege maji kwa siku kadhaa. Muungano huo hutoa joto.

Joto hilo ni kiasi gani? Meta moja ya ujazo ya zege huwa na uzito wa kilo 2,400 hivi, na yaweza kuwa na kilo 300 za saruji. Kila kilo ya saruji ikitoa kilojuli 300, jumla ni kilojuli 90,000. Kilo moja ya zege huhitaji karibu kilojuli 1 ili halijoto yake ipande kwa nyuzi 1 ya Sentigredi. Basi zege lote huhitaji kilojuli 2,400. Tukigawanya, twapata nyuzi 37.5.

Katika ukuta mwembamba, joto hilo hutoka upesi. Lakini zege si kipitishi kizuri cha joto; likiwa nene sana, joto hunaswa ndani. Sehemu ya nje hupoa na kusinyaa, hali ya ndani ingali moto na imetanuka. Hivyo sehemu ya nje huvutwa, na zege, ingawa hustahimili sana mgandamizo, ni dhaifu likivutwa. Matokeo yake ni nyufa, na katika bwawa ufa ni njia ya maji.

Wahandisi wa Bwawa la Hoover, Marekani, lenye kimo cha meta 221, walikadiria kwamba kama lingemiminwa kwa mfululizo, lingehitaji zaidi ya miaka 100 kupoa. Kwa hiyo, kuanzia mwaka 1933, zege lilimiminwa kwa mafungu, kila tabaka likiwa na kina cha meta 1.5 hivi. Ndani yake yalilazwa mabomba membamba ya chuma, ambamo yalipitishwa maji ya mto, kisha maji yaliyopozwa kwa mitambo. Zege lilipokwisha kupoa na kusinyaa, nafasi zilizobaki kati ya mafungu zilijazwa uji wa saruji.

Zoezi: Ikiwa saruji itapunguzwa hadi kilo 200 kwa kila meta ya ujazo, halijoto itapanda kwa nyuzi ngapi? Eleza kwa nini mhandisi wa bwawa hapendelei saruji nyingi.